Mitaji au tija: uchumi ukuzwe kwa njia ipi?

Kwa kasi, mitaji, yaani mashine, viwanda na mitambo, inashinda. Mpe fundi anayeshona kwa mkono cherehani, na kesho tu nguo zinatoka mara kadhaa zaidi. Mwongeze ya pili, itakaa kona ikikusanya vumbi: mikono ni ile ile miwili. Umoja wa Kisovieti ulikwama hapo. Viwanda viliendelea kujengwa, lakini kufikia miaka ya 1970 ukuaji ulikuwa umepungua sana.

Tija, yaani kupata zaidi kwa saa ile ile ya kazi na mashine zile zile, huja polepole. Inadai elimu na usimamizi mzuri, na haina utepe wa kukata (wanasiasa mnisamehe). Ila kwa kudumu haina mpinzani. Mwaka 1957 mchumi Mmarekani Robert Solow alikokotoa kuwa takribani sehemu saba kati ya nane za ongezeko la uzalishaji kwa saa ya kazi nchini Marekani, 1909 hadi 1949, zilitokana na maendeleo ya kiufundi.

Matunzo? Mashine huchakaa, ujuzi hupitwa na wakati. Hapo ni sare.

Nchi isiyo na umeme wa kutosha ianze na mitaji. Iliyojaa mashine zinazolala nusu siku itazame tija kwanza.