Fundi wa mapazia anayekuja kupima nyumbani: uzoefu wangu Mji Mkongwe

Mwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe asinunue mapazia yaliyokwisha kushonwa. Nalisema hilo kwa moyo mmoja baada ya kumpa kazi fundi mmoja wa Mlandege, ambaye hatii mkasi kwenye kitambaa mpaka afike mwenyewe na futi yake.

Nyumba yetu iko Malindi, mtaa wa humu humu Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, na sisi tunakaa juu. Madirisha ni marefu, yana nondo na milango ya mbao inayofungukia ndani. Ukiyatazama utasema yamenyooka. Fundi alipoweka futi ya chuma (ya kitambaa haitaki, anasema huvutika), dirisha la ukumbini likatoa sentimita 118 juu, 116 katikati na 115 chini. Kila dirisha alilipima hivyo, upana mara tatu na kimo mara tatu, akaandika daftarini na kuchora pembeni. Fundi niliyekuwa naye zamani alikuwa akiuliza vipimo kwa simu, na mapazia yake yaliishia shubiri nzima juu ya sakafu.

Upana wa dirisha wenyewe si wa kununulia kitambaa. Kinachohesabiwa ni fimbo, nayo lazima ipite dirisha. Alituongezea sentimita 20 kila upande, ikawa 158, ili pazia likifunguliwa lijikusanye ukutani na milango isilikamate. Kwetu hilo ni kubwa, maana kaskazi ikivuma tunataka upepo uingie wote. Kitambaa nacho kiwe mara mbili ya fimbo au karibu yake, ndipo marinda yajae. Chini ya mara moja na nusu, pazia linakaa kama shuka iliyoanikwa.

Kimo ndicho kilichotutia kazini. Kutoka kwenye fimbo mpaka sakafuni ni 262. Tia upindo wa chini sentimita 15 na wa juu 10, unafika 287. Dukani nilikipenda kitambaa cha upana wa mita 2.80, kile kinacholazwa ubavu, upana wake ukawa ndio kimo, ili pazia lisiwe na kiungo. Hakifiki, na muuzaji angeniuzia tu. Fundi akanielekeza kwenye pamba ya mita 1.50, mapande mawili ya kusimama, mita 5.74 kwa dirisha moja. Tukachukua 6, kwa sababu pamba hurudi ikiingia maji, na yeye aliiroweka na kuianika kabla ya kukata.

Kutundika nako kuna ujuzi wake. Chokaa ya zamani humeguka, plagi ya plastiki ya kushikia skrubu ukutani haishiki. Alifunga ubao kwanza kwa skrubu ndefu, fimbo akaifunga kwenye ubao. Pete alileta za mbao, na namshukuru, maana za chuma hewa ya bahari huzitia kutu, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kirahisi.

Lililonipendeza kupita yote ni upindo wa chini. Hakuushona dukani. Aliyatundika mapazia yakiwa na pini tu, akayaacha yajivute kwa uzito wake, kisha akarudi, akapiga goti na kupima kutoka sakafuni, pande moja moja. Sakafu yetu imeshuka upande mmoja, kwa hiyo pande la kushoto ni refu kuliko la kulia kwa kama sentimita moja na nusu. Ukisimama mlangoni huoni tofauti hiyo. Pindo zote mbili zimekaa kidole kimoja juu ya sakafu.

Yasiyonifurahisha yapo. Alichelewa kuliko tulivyoahidiana, na bitana ya mwanzo ilikuwa nyepesi, jua la alasiri likapenya. Nilipomwambia, "Fundi, hii haitoshi," alibadilisha bila ya ubishi, ila pesa ya bitana mpya nimetoa mimi, na sioni kama ilikuwa haki. Bei yake pia iko juu ya mapazia ya tayari ya Darajani. Kwa nyumba mpya ya matofali, yenye madirisha ya alumini yaliyo sawasawa, pengine hayo ya tayari yanatosha.

Chumba cha watoto bado, na kazi hiyo nampa yeye. Anayemtaka fundi wa namna hii amwite kabla Shaabani haijaingia, kwa sababu Ramadhani ikikaribia kila nyumba inataka mapazia mapya ya Idi, na hapo hata wa kuja kukupimia humpati.