SBCL kwenye mizani ya zabibu: nyota nne

Natumia SBCL kuandika programu ya mizani ya zabibu kwa wakulima wa Hombolo, hapa Dodoma. Ni kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya bure ya lugha ya Common Lisp, ina kasi, haijanisumbua kuisakinisha. Ninachotaka kueleza ni vigeu vya jumla, yaani majina ya thamani yanayoonekana na programu nzima, maana ndivyo vilivyonikesha hadi saa tisa usiku.

Nilitangaza bei kwa defvar, amri ya kutangaza kigeu cha jumla: 1500 kwa kilo. Baadaye, kwenye hesabu ya mama mmoja ambaye mzigo wake ulilowa mvua, nikaandika (let ((bei 1200)) ...), yaani kukipa kigeu thamani ya muda ndani ya mabano yake, nikidhani inahusu mistari ile mitatu tu. Kumbe kila fanksheni iliyoitwa humo ndani, hata iliyo kwenye faili jingine, iliona 1200, na makato yote yakatoka pungufu. Defvar hukifanya kigeu kifuate mwito (fanksheni gani imeita ipi), si maandishi (mahali kilipoandikwa kwenye msimbo), na let yoyote ya jina hilo inageuka hivyo hivyo. Ndiyo maana wazoefu huandika *bei*, na nyota pande zote mbili. Wekeni hizo nyota tangu siku ya kwanza, ndugu zangu.

Kiwango rasmi cha Common Lisp cha ANSI (shirika la viwango la Marekani) cha 1994 hakina kigeu cha jumla kinachofuata maandishi. SBCL inaongeza sb-ext:defglobal, lakini hicho kinakataa kabisa kufunikwa na let. Nimetulia na define-symbol-macro, inayofanya jina moja lisimame badala ya lingine: bei inaelekeza kwenye *bei*, na let yangu sasa inaishia ndani ya mabano yake. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu njia hiyo unaitengeneza mwenyewe.