Umeme wa Akiba kwa Msanidi Programu wa Kigoma: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Msanidi programu anayefanyia kazi zake Kigoma, awe amepanga chumba Mwanga, Gungu au Ujiji, hana haja ya kuelezwa kwamba umeme hukatika. Anachotaka kujua ni fedha yake kidogo aipeleke kwenye kifaa kipi kwanza. Mji huu ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, nje ya gridi ya Taifa, na wakazi wake wana mazoea ya zamani ya kuweka umeme wa akiba. Hata hivyo, mtambo unaotosha kwa taa, redio na kuchaji simu si lazima umtoshe mtu ambaye kompyuta yake inatakiwa iwe hewani kutwa nzima. Nimevipanga vifaa kwa mfuatano ambao mimi mwenyewe ningevinunua, nikitazama jambo moja tu, nalo ni saa za kazi isiyokatika ambazo mnunuzi anapata kwa kila shilingi anayotoa.

Ipo hesabu moja ambayo ni vizuri kuwa nayo kichwani kabla ya kuingia dukani. Akiba ya betri hupimwa kwa wati-saa, ambazo hupatikana kwa kuzidisha volti na ampia-saa. Kompyuta mpakato ya kawaida hula wati 15 hadi 20 mtu anapoandika msimbo na kusoma nyaraka, na ulaji huo huongezeka maradufu au zaidi anapofungua simu ya kuigiza kwenye skrini au anapojenga mradi mkubwa. Ruta ndogo ya nyumbani hula wati 6 hadi 10. Mwenye namba hizi hababaishwi na maandishi makubwa ya kwenye boksi.

Nafasi ya kwanza naipa UPS ndogo ya ruta, kile kiboksi chepesi chenye betri ndani kinachokaa kati ya adapta na ruta na kuiwasha umeme unapokatika. Wengi huiacha mpaka mwisho kwa kuwa haionekani kuwa na kazi kubwa, ilhali ndiyo inayoziba pengo lenyewe. Kompyuta mpakato tayari ina betri yake, mara nyingi ya wati-saa 40 hadi 60, na umeme ukikatika huendelea bila kutetereka. Kinachozimika ni intaneti, na hapo ndipo kikao na mteja kinavunjika katikati ya sentensi na kazi iliyokuwa inapandishwa kwenye seva inaishia njiani. Kifaa chenye betri ya mAh 8,800 (miliampia-saa, yaani ampia-saa 8.8) kwa volti 3.7 za seli zake kina wati-saa kama 32, na ukitoa kinachopotea njiani, ruta ya wati 8 itakaa nayo zaidi ya saa tatu. Hakikisha tu kwamba volti za kutoa zinalingana na zilizoandikwa chini ya ruta, kwa sababu zipo ruta za volti 9 na zipo za volti 12, na kuipa ya volti 9 umeme wa volti 12 ni njia fupi ya kuiunguza. Kama intaneti yako inaletwa kwa nyaya za faiba, kumbuka kwamba mara nyingi kuna kiboksi cha pili ukutani nacho kinahitaji umeme, hivyo chagua UPS yenye matundu mawili. Anayetumia bando la simu au ruta ya mfukoni yenye betri yake anaweza kuiruka nafasi hii bila hasara yoyote.

Ya pili ni pawabenki, lakini si pawabenki yoyote. Ile ya kuchajia simu hutoa volti 5 tu, na kompyuta nyingi mpakato zenye tundu la USB-C huikataa au huchaji kwa mwendo wa kinyonga. Inayofaa ina alama ya PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa volti kubwa kupitia USB-C) na imeandikwa kwamba inatoa volti 20 kwa ampia 3.25, yaani wati 65. Yenye mAh 20,000 ina wati-saa 74, kwa kuwa namba hiyo ya mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani na wala si kwa volti 20 zinazotoka. Toa hasara ya kubadilisha volti, utabaki na kama 60, na hizo ni saa tatu hadi nne za kuandika msimbo juu ya zile za betri ya kompyuta yenyewe. Waya nao una mipaka yake, maana waya wa kawaida wa USB-C unaishia ampia 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60, na anayetaka zaidi ya hapo anahitaji ule wenye chipu ya ampia 5.

Bidhaa hii ndiyo inayoghushiwa kuliko zote katika orodha hii, na namna nyepesi ya kuigundua ni mzani. Seli ya duara ya lithiamu ya aina ya 18650, ambayo hutumika sana ndani ya pawabenki, ina uzito wa gramu 45 hadi 50 na hata ile bora kabisa haizidi mAh 3,500 au juu ya hapo kidogo. Kwa hiyo mAh 20,000 za kweli zinataka seli zisizopungua sita, na seli hizo peke yake zinakaribia gramu 280 kabla hujaweka ganda, saketi na matundu. Ukikabidhiwa pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000 nayo mkononi ni nyepesi kama simu, irudishe kaunta bila maneno mengi. Muuza dagaa wa jirani anayo mizani, na hatakunyima dakika moja. Wanaosafiri kwa ndege kwenda Dar es Salaam wafahamu pia kwamba pawabenki hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, wala haiwekwi kwenye begi linalokwenda chini, na kwamba ikizidi wati-saa 100 abiria anatakiwa apate kibali cha shirika la ndege kwanza; pawabenki isiyoonyesha wati-saa wala mAh kwenye ganda lake inaweza kuzuiliwa kwenye ukaguzi.

Nafasi ya tatu ni betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, yenye alama ya LiFePO4, na hapa ndipo fedha huanza kuwa nyingi. Ya volti 12.8 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 zake kila siku kwa miaka kadhaa bila kuiumiza. Wauzaji watataka uchukue na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, papo hapo. Kama kazi yako ni kompyuta mpakato, ruta na simu tu, usiharakishe. Inveta hubadilisha volti 12 kuwa 230, kisha adapta ya kompyuta huzishusha tena kuwa 20, na kila hatua inakula. Isitoshe, inveta yenyewe inaweza kula wati 10 hivi hata ikiwa haijachomekwa kitu. Chaja ya gari ya PD yenye wati 65 au zaidi, iliyounganishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi iliyo karibu na ncha ya chanya, hufanya kazi ileile kwa bei ndogo na kwa upotevu mdogo. Paneli ya sola ya wati 100 pamoja na kidhibiti cha chaji kinachokubali lithiamu huweza kuingiza wati-saa 300 au zaidi kwa siku katika jua la Juni hadi Septemba, ingawa mvua zikishaanza mwishoni mwa mwaka usiitegemee kwa kiasi hicho, ni heri uwe na chaja ya ukutani pia, nayo iwe ya lithiamu.

Betri za asidi zinakuja nyuma, katika nafasi ya nne, na nakiri kwamba hapa Kigoma zina mvuto wake. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, ambao taa za betri zimechukua nafasi ya karabai kwenye mitumbwi yao mingi, wamewafanya mafundi wa mji huu kuwa wajuzi wa betri za volti 12, na ukipatwa na shida hukosi wa kukusaidia. Tatizo ni kwamba betri ya ampia-saa 100 ya aina hii haitakiwi kutumiwa chini ya nusu yake, kwa hiyo wati-saa 1,200 zilizoandikwa zinakuwa 600 za kweli. Tatizo la pili ni wanaouza betri ya gari, N70 kwa mfano, wakisema ni ya sola. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiizoesha kushuka sana kila siku, itachoka ndani ya miezi. Betri ya asidi ya aina inayoongezwa maji isiwekwe chumbani unamolala, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni.

UPS ya mezani ya VA 650 (volti-ampia, kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) naiweka ya mwisho kwa mwenye kompyuta mpakato, maana mara nyingi ndani yake mna betri ya volti 12 na ampia-saa 7 tu, yaani wati-saa 84, uzito wake ni mkubwa na mlio wake humchosha kila aliye chumbani. Kwa mwenye kompyuta ya mezani mpangilio unageuka, naye aanze na hiyohiyo, akijua kwamba inampa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Jenereta ya petroli sijaipa nafasi, kwa sababu ya kelele, moshi na mafuta ya kila siku, na kwa sababu nyumba za kupanga tunazoishi zina majirani.

Chochote utakachochagua, ongeza kile kifaa cha kulinda friji na ukichomeke kati ya soketi na adapta zako, kwa kuwa umeme unaporudi huweza kuja na volti zisizotulia, nacho hungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Kuhusu mahali pa kununua, Kariakoo bei huwa nafuu na mzigo huletwa kwa basi, lakini betri ikifika na kasoro, kuirudisha ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 na nauli ya mzigo ni yako. Pawabenki na UPS ya ruta ningezinunua Mwanga hata kama zimeongezwa bei kidogo, nikienda dukani na kompyuta yangu na ruta yangu mkononi: chomeka, chomoa kwenye umeme wa ukutani, tazama kama ruta imejizima na kujiwasha upya, tazama kama kompyuta inaandika kwamba inachaji au inalalamika kwamba chaja ni ndogo, kisha ndipo utoe fedha na uandikiwe risiti yenye tarehe na muda wa dhamana.