Yaji ya suya: geuza pakiti usome nyuma kwanza

Yaji ni unga wa viungo wa Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, ule unaopakwa kwenye suya, nyama yao ya kuchoma kwenye vijiti. Ya pakiti inafaa jikoni, mradi kiambato cha kwanza kiwe karanga au kulikuli, yaani mashudu ya karanga zilizokamuliwa mafuta. Ikianza chumvi, iache dukani. Ukifungua ukakuta harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa. Karanga hazisameheki zikiharibika.

Kwa nusu kilo ya steki, kata vipande vyembamba vipana, si vinene kama vya mishikaki yetu. Paka vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya karanga, kisha vijiko 4 vya yaji, uache saa 1. Wengi huharibu kwenye moto: ukiwa na ndimi, karanga huungua nyama ikiwa bado mbichi, na uchungu ule hautoki. Subiri makaa yashike jivu jeupe, choma dakika 3 hivi kila upande.

Unataka kusaga mwenyewe? Karanga zikisagwa mno kwenye blenda hugeuka siagi. Saga kwa kukatiza, funga kwenye karatasi ya jikoni, kandamiza mafuta yatoke, ndipo utie tangawizi kavu, pilipili, karafuu na chumvi.

Mezani weka kitunguu kibichi, nyanya, na yaji kavu ya kuchovya. Inayobaki ifunge vizuri, iweke kwenye friza.