Mwongozo wa kununua tufe kubwa la plazima: kagua kioo kwanza, umeme baadaye

Tufe la plazima ni kile kioo cha mviringo chenye gesi ndani na kijitufe cha kupitishia umeme katikati, ambacho kikiwashwa gizani hutoa nyuzi za mwanga zinazotambaa hadi kwenye kioo na kuufuata mkono wa anayekigusa. Matufe madogo ya sentimita 15 huuzwa kama zawadi za watoto, na kuyanunua hakuhitaji mwongozo wowote. Haya yaliyoandikwa hapa yanamhusu anayetaka tufe la sentimita 30 au zaidi, ama alinunue likiwa tayari, ama alitengeneze mwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo kosa moja humeza fedha nyingi.

Nimezipanga njia tatu za kulipata kwa kuzingatia jambo moja: katika tufe kubwa, kinachonunuliwa hasa ni kioo kilichozibwa barabara pamoja na gesi iliyomo, wala si kisanduku cha umeme kilicho chini yake. Saketi ya kuzalisha volti elfu kadhaa kwa masafa ya takriban kilohezi 30 inaweza kuundwa upya na fundi wa televisheni anayeijua kazi yake, ilhali kioo kilichopata ufa mwembamba shingoni na kuingiza hewa hakina fundi. Tena ukubwa una gharama yake, kwani kipenyo kikiongezeka maradufu ujazo wa gesi huongezeka mara 8, na zenoni, gesi adimu inayotiwa katika baadhi ya matufe, ambayo katika hewa tunayovuta haifikii sehemu moja kati ya milioni kumi, haiuzwi kwa bei ya mchele.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza inakwenda kwa tufe la mtumba ambalo saketi yake imekufa lakini kioo chake ni kizima. Nikola Tesla alieleza taa zinazokaribiana na hii katika hataza aliyopewa Marekani mwaka 1894, lakini tufe tunalolijua leo linatokana na kazi aliyoianza Bill Parker mwaka 1971 akiwa mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na katika miaka ya 1980 matufe makubwa yakaingia katika makumbusho ya sayansi na kumbi za burudani. Matufe ya enzi hiyo huibuka hadi leo katika minada ya mtandaoni, na lisilowaka hushuka bei hata pale ambapo ubovu wake ni transista moja tu.

Muuzaji akisema kwamba haliwaki ila kioo ni kizima, asiaminiwe kwa maneno matupu. Aombwe aliunganishe na saketi nyingine inayofanya kazi, hata kama ni ya tufe dogo, azime taa za chumba, kisha apige video. Saketi ndogo haitafikisha nyuzi kwenye kioo cha tufe kubwa, lakini ukionekana mwanga laini kuzunguka kijitufe cha katikati na nyuzi fupi zikichipuka, gesi ingalimo. Lisipoonyesha lolote, mimi singelinunua hata kwa nusu ya bei. Aulizwe pia kama kifaa kilitumia adapta ya volti 12 au kilichomekwa moja kwa moja ukutani, kwa sababu kifaa cha Marekani kilichoundwa kwa volti 120 kitaungua mara tu kikiunganishwa na umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya bila transfoma ya kupunguza.

Usafirishaji ndio unaowashangaza wengi. Mizigo ya ndege hutozwa kwa ukubwa wa sanduku pale ukubwa unapozidi uzito, na hesabu iliyozoeleka ni kugawa sentimita za ujazo kwa 6,000. Sanduku la sentimita 60 kila upande huhesabiwa kuwa kilo 36, hata kama ndani yake mna kilo 8 tu. Kwa njia ya meli sanduku hilo ni robo ya mita ya ujazo au chini kidogo, na anayeweza kusubiri asafirishe hivyo. Kitako kitenganishwe na kioo kabla ya kufungasha, maana uzito wa kitako ukiyumba njiani ndio unaoivunja shingo.

Nafasi ya pili ni tufe jipya kutoka kiwandani au kwa msanii wa vioo. Halina usumbufu, lina dhamana, ila kipenyo kikivuka sentimita 30 bei hupanda kwa kasi. Anayeridhika na sentimita 20 atapata jipya kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, na kusema kweli chumba cha kawaida hakidai zaidi ya hapo.

Nafasi ya mwisho, kama ununuzi, ni kulijaza mwenyewe, ingawa kwa anayependa ufundi ndiyo njia yenye mafunzo mengi kuliko zote. Chupa ya maabara ya mviringo yenye ujazo wa lita 20 ina kipenyo cha karibu sentimita 34. Argoni hupatikana kwa wauzaji wa gesi za kulehemu, nayo hutoa rangi ya zambarau, ilhali neoni huleta wekundu wa chungwa. Pampu ya mafundi wa friji inatosha kuanzia, mradi kioo kipashwe moto ili unyevu utoke, kisha gesi iingizwe na kuvutwa tena mara kadhaa kabla ya kuziba. Hatari kubwa iko katika hatua hiyo ya kuvuta hewa: tufe la sentimita 30 lililo tupu hukandamizwa na hewa ya nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 700 hivi kwa kila nusu, kwa hiyo livalishwe wavu mzito, na miwani ya kinga isivuliwe.

Kwa umeme, flaibeki, yaani transfoma ya volti ya juu iliyo ndani ya televisheni ya chogo, hufaa, na ni busara kuijaribu kwanza kwenye balbu kubwa ya kizamani yenye kioo angavu, ambayo tayari ina argoni na naitrojeni ndani. Transfoma ya maikrowevu isiguswe kamwe, kwa kuwa mkondo wake huua. Hata tufe lililokamilika lisiwekewe sarafu juu wala kuguswa kwa pete, kwani cheche zake huunguza ngozi, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo akae mbali nalo.