Swichi za Kununua kwa Mtandao wa Ofisi Wenye Njia Mbadala, Bajeti Ikiwa Ndogo

Mchoro unaofundishwa kwa kila fundi wa mitandao una matabaka matatu: kiini, ugawaji na ufikiaji. Mchoro huo unafaa taasisi yenye majengo kadhaa, lakini ofisi ya ghorofa mbili au tatu haina haja ya kulipia matabaka yote. Kiini na ugawaji huunganishwa kuwa tabaka moja la kati, chini yake zikawekwa swichi za ufikiaji, ambamo kompyuta, simu za mezani, printa na vituo vya Wi-Fi huchomekwa. Machaguo yote yaliyopangwa hapa chini yanafuata umbo hilo la matabaka mawili, isipokuwa lile la mwisho.

Fedha ya akiba inapaswa kwenda katikati. Kompyuta ya kawaida ina poti moja tu ya mtandao, kwa hiyo hata ukinunua swichi mbili za ufikiaji kwa kila chumba, kompyuta hiyo itabaki inategemea moja. Swichi ya ufikiaji yenye poti 48 ikifa, waliounganishwa nayo tu ndio watakaosimama kazi hadi ibadilishwe. Swichi ya kati ikifa, na iko peke yake, ofisi nzima inasimama.

Nafasi ya kwanza naipa jozi ya swichi za tabaka la tatu (Layer 3, si tabaka la ule mchoro) zinazojitegemea, yaani swichi zinazoweza kupitisha pakiti (vipande vya data) kutoka VLAN moja, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa usanidi, hadi nyingine bila msaada wa ruta. Kila swichi ya ufikiaji hupelekewa kebo mbili, moja kutoka kila swichi ya kati, na swichi hizo mbili za kati huunganishwa zenyewe kwa zenyewe. RSTP, itifaki ya kuzuia vitanzi, huzima kwa muda njia moja ili pakiti zisizunguke bila mwisho, kisha huifungua pale njia ile nyingine inapokatika. VRRP, itifaki ya lango la akiba, nayo huzipa swichi mbili anwani moja ya pamoja ambayo kompyuta huitumia kama lango lao, na kwa mipangilio ya kawaida, ambapo tangazo hutumwa kila sekunde 1, swichi ya akiba hushika usukani ndani ya sekunde 3 hadi 4 baada ya mwenzake kunyamaza. Itifaki hizi mbili ni za viwango vya wazi, kwa hiyo hulazimiki kununua kila kitu kwa mtengenezaji mmoja, na swichi iliyotumika inaweza kusimama sambamba na mpya. Kwa mwenye bajeti ndogo, uhuru huo una thamani kuliko sifa nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Chaguo hili linadai umakini katika usanidi. Swichi iliyo mzizi wa RSTP (kitovu ambacho njia zote huelekea) ndiyo inayopaswa pia kuwa kiongozi wa VRRP, la sivyo pakiti zitapanda upande mmoja na kuvuka upande wa pili bila sababu. Usiache uchaguzi wa mzizi ujiamulie: kipaumbele cha msingi ni 32768 kwa kila swichi, na zikilingana, mshindi ni yenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa), na swichi hiyo mara nyingi huwa ndiyo kongwe kuliko zote. Namba ndogo ndiyo hushinda, kwa hiyo weka 4096 kwa swichi ya kwanza ya kati na 8192 kwa ya pili. Kasoro moja haikwepeki: RSTP ya kawaida huchora mti mmoja kwa mtandao mzima, hivyo nusu ya viungo vya kupanda (kebo za kutoka swichi za ufikiaji kwenda kati) hukaa kimya vikisubiri ajali. Anayetaka vyote vifanye kazi atafute swichi zenye MSTP, inayoweza kuchora mti zaidi ya mmoja, na kuzigawa VLAN katika makundi mawili.

Nafasi ya pili ni jozi ya swichi zinazounganishwa kwa kebo maalumu zikaendeshwa kama kifaa kimoja. Kila swichi ya ufikiaji hufunga kebo zake mbili kuwa kiungo kimoja kwa itifaki ya LACP, zote mbili zikabeba mzigo, na VRRP haihitajiki tena. Usanidi ni mwepesi na kasi ni nzuri. Nimeliweka la pili kwa sababu swichi hizo kwa kawaida hulazimika kuwa za familia moja na kuendesha toleo moja la programu, na kwa modeli nyingi za bei nafuu, kusasisha programu hiyo huziwasha upya zote kwa pamoja. Hitilafu ya programu nayo inaweza kuziangusha zote mbili. Ofisi inayoweza kuzima mtandao usiku haitaumia. Ile inayofanya kazi saa 24 itaumia.

Nafasi ya tatu ni swichi moja ya kati yenye pawasaplai mbili, pamoja na nyingine ya modeli ileile iliyowekwa kabatini ikiwa na nakala ya usanidi. Si mtandao wa njia mbadala kwa maana kamili, kwani mtu lazima afike na kuhamisha kebo, lakini kwa ofisi ndogo yenye fundi wa karibu ni chaguo la heshima.

Matabaka matatu kamili yanashika mkia. Kwa bajeti ndogo, swichi nyingi hununuliwa dhaifu pale ambapo mbili zingenunuliwa imara.

Kwa upande wa ufikiaji, nunua swichi zinazosimamika, yaani zinazoweza kusanidiwa, zenye RSTP na angalau nafasi mbili za SFP (za kuchomeka moduli, kama ya faiba). Swichi zisizosimamika zisiingie kabisa kwenye mchoro huu: fremu ya Etheneti haina hesabu ya ukomo wa maisha, kwa hiyo kitanzi kimoja hufanya pakiti za matangazo zizunguke hadi kila kitu kikwame. Ukihitaji PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao), usidanganywe na idadi ya poti, soma jumla ya wati. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa poti, hivyo poti 24 zikijaa zinahitaji takribani wati 370, na swichi nyingi za bei ya chini hutoa nusu ya hapo. Simu peke yake hutumia kidogo, lakini kamera na vituo vya Wi-Fi huumaliza umeme huo haraka.

Swichi zilizotumika ninazipendekeza kwa tabaka la kati, kwa masharti. Iwashe na usikilize feni. Mkwaruzo ni dalili ya beringi iliyochoka. Hakikisha VRRP na upitishaji wa pakiti baina ya VLAN havijafungwa nyuma ya leseni, jambo ambalo muuzaji hatakuambia usipouliza, na kwamba mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya usalama.

Kebo na umeme ndivyo vinavyosahaulika. Viungo viwili vinavyopita ndani ya bomba moja hukatwa na drili moja, na swichi mbili za kati zilizochomekwa kwenye UPS moja huzimika pamoja. Kebo ya shaba isizidi mita 100. Zaidi ya hapo tumia faiba.

Fedha ikija kwa awamu, anza na swichi za ufikiaji zenye nafasi mbili za kupanda, swichi moja ya kati, na kebo zote mbili zilizokwisha kulazwa ukutani. Awamu ya pili iwe swichi ya pili ya kati na UPS yake. Siku ya kukabidhi kazi, endesha ping (amri ya kupima kama kifaa kinajibu) mfululizo kutoka kompyuta ya mtumiaji, chomoa kebo moja, kisha zima swichi kiongozi, na uhesabu majibu yaliyopotea. Yakizidi machache, usilipe awamu ya mwisho kabla usanidi haujarekebishwa.