Jalada la gemu ya majahazi: likibaki pikseli 120 linasema nini?

Karibuni, watazamaji. Picha iliyo mbele yenu ni jalada la gemu ya mikakati inayotengenezwa hapa Dar na timu ndogo, na inaandaliwa kuingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Wenyewe wameomba jina lisitajwe kabla hawajaitangaza, kwa hiyo tutaiita gemu ya majahazi. Ndani yake unaongoza ukoo wa wafanyabiashara wa Kilwa katika miaka ya 1300. Unangoja kaskazi na kusi, unapeleka vyombo Sofala kufuata dhahabu, unajenga bandari, unagawa mabaharia. Gemu imeiva. Jalada bado.

Likijaa skrini hivi linapendeza. Kushoto amesimama nahodha, kilemba kichwani, jambia kiunoni, na uso umechorwa kwa ufundi mkubwa. Kulia kuna jahazi. Nyuma ni usiku, mwezi, na mji wenye minara miwili. Jina liko juu, kwa herufi zilizopindapinda kama khati. Mchoraji anajua kazi yake, na tunalisema hilo mapema kwa sababu makosa mengi tutakayoyaonyesha yanatokana na maelekezo aliyopewa.

Haya, tulipunguze. Kapsuli ni picha ya jalada inayoiwakilisha gemu dukani, na Steam inaitaka kwa vipimo kadhaa. Kapsuli ndogo inaonekana dukani kwa pikseli 231 kwa 87. Siku hizi unapakia faili la ukubwa mara mbili, 462 kwa 174, lakini usidanganyike na namba hiyo, maana duka linalipunguza tena mpaka 184 kwa 69, na hata 120 kwa 45. Hiyo ya mwisho ni kama ukucha wa kidole gumba. Na mteja asiyekujua anakutana nawe kwanza kwenye orodha za namna hiyo, akiwa anateleza na kipanya kuelekea gemu nyingine.

Angalieni jina. Lina maneno matatu, herufi 19, yote kwenye mstari mmoja unaochukua asilimia 60 ya upana. Kwenye pikseli 231 hiyo ni pikseli 139. Gawanya kwa 19, kila herufi inapata 7 na kidogo. Kwenye 120 inapata chini ya 4. Herufi ya pikseli 4 yenye mikia ya khati haisomeki, inabaki vumbi. Tena mchoraji ameiwekea kivuli cheusi chenye ukungu, na picha ikipunguzwa kivuli kile kinaingia ndani ya herufi na kuziziba matundu: "a" na "o" zinakuwa vidonge.

Dawa yake ni kupanga upya. Maneno mawili ya kwanza yakae juu, madogo. Neno la tatu, lenye herufi 8, litanuliwe mpaka pikseli 200 kati ya zile 231. Hapo kila herufi ina pikseli 25, na kwenye 120 bado inabaki na 13. Kwa kapsuli ndogo, jina lichukue karibu nafasi yote. Msimwonee huruma nahodha, ana nafasi nyingine nyingi za kuonekana. Fonti iwe nene, na ule mpindo wa khati ubaki kwenye herufi moja tu, ya kwanza au ya mwisho. Mnaopanda daladala mnalijua hili bila kufundishwa. Mtu wa Mbagala akiwa kituoni, mstari wa rangi ubavuni mwa gari unamfikia kwanza, kisha jina la njia lililoandikwa kwa herufi nene. Hakuna anayeandika "Mbagala" kwa mapambo.

Sasa jambo zito zaidi. Ficha jina, baki na picha, kisha jiulize hii ni gemu ya aina gani. Mtu mmoja, uso mkubwa, silaha kiunoni: jicho la mchezaji linajibu kwamba ni gemu ya matukio na mapigano, unamwongoza huyu bwana. Hakuna kinachomwambia kwamba atapanga misafara, atahesabu shehena, atachagua bandari. Gemu ya mikakati hujitambulisha kwa wingi na mpangilio: vyombo kadhaa, ardhi inayoonekana kutoka juu kwa mshazari, njia, makazi, vitu vinavyosubiri uamuzi. Jalada likimwita mtu mwingine, huyo mtu atakuja kweli, atanunua, na hatapata alichoahidiwa. Steam inarudisha pesa kwa aliyecheza chini ya saa 2 na kuomba ndani ya siku 14, na saa 2 zinamtosha kugundua kwamba hakuna jambia la kuchomoa. Wakati huo mpenzi wa mikakati, ambaye ndiye mteja wako, alishapita zamani.

Hatusemi nahodha aondolewe. Mpandisheni kwenye kilima au juu ya paa la nyumba ya mawe, tumwone mgongo, na mbele yake bandari nzima ichorwe kutoka juu, na vyombo vitano au sita vikiwa katika hatua tofauti: kimoja kinapakia, kimoja kinatweka tanga, kingine kiko mbali kinaelekea kusini. Hapo mtazamaji anaona anachokiona mchezaji. Ishara ya mkono wake kuelekea chombo kimoja inatosha kusema "hapa kuna amri inatolewa".

Na vyombo vyenyewe, ndugu zangu, hapa tunasisitiza. Gemu inahusu Kilwa kabla Wareno hawajaitwaa mwaka 1505, lakini jalada limechora jahazi lenye tanga la pembetatu, lilelile mnaloliona kwenye kila kadi ya watalii. Chombo kinachoitambulisha pwani hii ya zamani ni mtepe, uliounganishwa kwa kushonwa kwa kamba za kumbi, na tanga lake ni la mkeka, la mraba. Ukiacha usahihi wa historia, ambao wachezaji wa mikakati huupenda kupita kiasi, kuna faida ya macho. Tanga la pembetatu likipunguzwa linafanana na la gemu yoyote ya bahari. Mraba wa mkeka juu ya maji ni nadra kuonekana kwingine. Ni umbo letu, linasomeka hata kwenye pikseli 45 za urefu, na inauma kuliona limeachwa. Vivyo hivyo ile minara miwili. Msikiti Mkuu wa Kilwa unajulikana kwa kuba zake. Chora kuba, zitasomeka vizuri kuliko minara ambayo kwenye udogo inabaki mistari.

Rangi. Usiku wa bluu unapendeza ukiwa peke yake, lakini ukurasa wa Steam wenyewe ni bluu iliyokolea. Ukiliweka jalada pale, kingo zake zinayeyuka. Hebu tuondoe rangi kabisa, ibaki nyeusi na nyeupe. Mnaona? Kilemba, mwezi na jina vyote ni kijivu kilekile cheupe, vingine vyote ni giza, na jahazi limepotea. Tungehamisha saa: alfajiri badala ya usiku. Mbingu ya machungwa iliyopauka, maji ya kijani cha pwani, tanga rangi ya mkeka likipigwa na jua. Sehemu yenye mwanga mkali iwe moja tu, na jina lisiwe juu yake.

Kuna tatizo la kukata. Timu imechora picha moja, halafu ikaikata kuzalisha kapsuli zote. Haiwezekani. Kapsuli kuu ni 1232 kwa 706, imelala. Ya wima ni 748 kwa 896, imesimama. Ukichukua ile kuu na kubakisha urefu wote, upana unaoingia kwenye ya wima ni chini ya nusu. Ndiyo maana kwenye toleo lao la wima kuna nahodha na nusu ya mlingoti. Ile ya maktaba, yaani ukurasa wa gemu ambazo mchezaji ameshanunua, ni 600 kwa 900, nyembamba zaidi. Mwambieni mchoraji tangu mwanzo atenganishe leya, yaani tabaka za mchoro zinazoweza kusogezwa kila moja peke yake: mbingu na mji, maji na vyombo, nahodha, kisha jina peke yake bila mandhari. Turubai ianze kubwa, pikseli 3840 za upana, maana picha ya juu ya maktaba inahitaji 3840 kwa 1240. Hiyo hairuhusiwi kuwa na maandishi, na cha muhimu kikae katikati, ndani ya 860 kwa 380. Leya zikiwepo, kila kipimo kinapangwa upya kwa saa chache. Zisipokuwepo, kila kipimo ni mchoro mpya na malipo mapya.

Ule utepe mwekundu wa "Demo bure" pembeni utolewe. Tangu Septemba 2022 Steam hairuhusu kapsuli za kawaida kubeba alama za wahakiki, tuzo wala matangazo ya punguzo. Picha ya gemu, jina na jina dogo rasmi, basi.

Kabla ya kupakia, jaribuni hivi. Tafuteni dukani gemu za mikakati, pigeni picha ya skrini yenye gemu kumi na moja, bandikeni yenu iwe ya kumi na mbili. Kisha mwonyesheni mtu asiyeijua kwa sekunde moja, kwenye simu, nje, jua la saa saba la Kariakoo likiwa juu. Muulizeni: ni gemu ya aina gani, na humo unafanya nini? Msimuulize kama imependeza. Watu wetu ni waungwana, watasema imependeza. Wakifika watano, na watatu wakasema "kupigana", rudini mezani.

Kwa hali ya leo tunalipa jalada hili alama 4 kati ya 10. Mkono wa mchoraji peke yake ungepata 8. Na kama pesa iliyobaki inatosha siku mbili tu za kazi, siku ya kwanza iende kwenye jina, na ya pili kwenye tanga la mraba na mbingu ya alfajiri. Nahodha anaweza kusubiri.